Canon Selphy CP1500: printa ya kusafishia picha nyumbani, kwa matumizi ya Lamu

Picha ya bibi harusi wa Lamu ina wenyewe. Usiku wa kupamba wanawake wako peke yao, buibui zimevuliwa, nywele ziko wazi, na simu mara nyingi huzuiwa mlangoni. Wenye shughuli humruhusu mpigapicha mmoja, mwanamke, kwa sharti kwamba picha zisitoke mikononi mwao. Mashaka huanza siku ya pili, zinapotakiwa kusafishwa. Zikipelekwa studio zitaingizwa kwenye kompyuta ya watu wengine, na hapo hakuna anayeweza kuapa zitaishia wapi.

Printa ndogo ya Canon Selphy CP1500 inaondoa sehemu kubwa ya mashaka hayo. Inakaa juu ya meza chumbani, inapokea picha kutoka kwenye simu bila kupitia intaneti, na picha moja huwa tayari kwa sekunde 41 hivi. Kwetu hiyo ndiyo sababu kuu ya kuinunua, kabla ya kuzungumzia bei au uzuri wa rangi. Lakini ina kitu kimoja ndani kinachoweza kuivunja sitara yote iliyotunzwa, nacho ni utepe wake wa wino. Habari yake iko mbele, na anayesoma kwa haraka asiiruke.

Canon waliitoa mwaka 2022. Ina uzito wa gramu 850 hivi, skrini ya inchi 3.5, tundu la kadi ya SD, tundu la USB-C na waifai yake yenyewe. Karatasi yake kubwa ni ya kadiri ya postikadi, milimita 100 kwa 148. Anayetaka picha ya kutundika ukutani sebuleni aende studio tu, hii haitamfaa.

Haitumii wino wa maji. Ndani ya kaseti mna utepe mwembamba wa plastiki wenye vipande vya rangi vinavyofuatana: manjano, majenta (waridi iliyokolea), samawati, kisha kipande kisicho na rangi. Joto hugeuza rangi kuwa mvuke, na karatasi huunywa mvuke huo. Ndiyo maana karatasi hupita mara nne. Safisha picha ya sinia la biriani uitazame inavyojengeka. Mara ya kwanza inatoka na manjano matupu: wali wa zafarani umeshaonekana, vilivyobaki ni vivuli vya rangi ya ndimu. Mara ya pili majenta inaingia, nyama na nyanya zinakuwa nyekundu, nyuso za waliokaa zinageuka chungwa. Mara ya tatu samawati inaleta kijani cha pilipili, weusi wa nywele na kina cha kivuli chini ya sinia. Ya nne ni ngozi angavu inayofunika yote. Picha hutoka kavu, na tone la maji au kidole cha mtoto aliyekula halua hufutika kwa kitambaa laini bila kuacha doa. Ukipenda mng'ao mdogo, programu inakuwezesha kuchagua ngozi isiyoakisi sana, nayo huficha alama za vidole. Kwa picha zitakazozungushwa kwa wageni arobaini barazani, ichague hiyo.

Hizo safari nne ndizo zinazoamua printa ikae wapi. Kila inapopita, karatasi hutokeza nyuma ya mashine kisha ikarudi. Nyumba za mawe zina vidaka vizuri ukutani, na mtu huvutika kuitia printa ndani ya kidaka kimojawapo. Usifanye hivyo. Karatasi itagonga ukuta, itapinda, rangi ya pili haitakaa juu ya ya kwanza, na picha itatoka na ukungu wa rangi mbili au karatasi itakwama kabisa. Meza iliyo wazi pande zote, yenye nafasi ya urefu wa karatasi nzima nyuma, ndiyo mahali pake. Wakati inafanya kazi, karatasi isivutwe wala kuguswa, hata kama imetokeza na inaonekana imekwisha.

Adui mkubwa ni vumbi. Chokaa hupukutika kutoka kwenye kuta, mchanga wa Shela hufika hadi ndani ya kitanda, na karatasi inayotoka na kuingia mara nne hupata nafasi nne za kuokota chembe. Doa lenyewe litakwambia limetokea lini. Likiwa jeupe, chembe ilikaa palepale tangu mwanzo hadi mwisho. Likiwa la kibuluu, manjano ndiyo iliyozuiwa, kisha chembe ikaondoka. Likiwa la kijani, majenta ndiyo haikufika. Mstari mrefu unaojirudia mahali pamoja kwenye kila picha ni habari nyingine: uchafu uko ndani ya mashine au utepe umekwaruzwa. Badilisha kaseti kwanza, ndipo ufikirie fundi. Kinga yake haina gharama. Pangusa meza kwa kitambaa chenye unyevu kidogo na uiache ikauke, zima feni inayopuliza upande huo, shika karatasi kwa kingo, usiguse utepe kwa vidole, na ukimaliza funika printa kwa leso safi. Trei huchukua karatasi 18 kwa mara moja, upande unaong'aa ukitazama juu. Ukizidisha, hujivuta mbili mbili.

Joto na unyevu navyo vina mambo yao. Mashine ikipata moto hujisimamisha yenyewe ili ipoe, kwa hiyo ukisafisha picha mia mchana wa Februari usihesabu sekunde 41 mara mia. Anza mapema au ngoja usiku. Ikiwa imetoka kwenye chumba chenye kiyoyozi, iache ndani ya mfuko wake mpaka ifikie joto la nje, kwani matone ya maji yakishika ndani yataharibu utepe. Umeme ukikatika katikati ya picha, usiing'oe karatasi. Umeme ukirudi, iwashe tena na mara nyingi itaitoa yenyewe. Karatasi hiyo na kipande chake cha utepe vimepotea, hakuna la kufanya. Betri yake huuzwa kando, na pawabanki ya kawaida ya simu haiwezi kuiendesha. Kwa nyumba ambayo umeme unasumbua, ihesabu betri hiyo kuwa sehemu ya bei.

Kuiunganisha na simu ni kwepesi, ila kuna mahali pamoja watu wengi wanapokwama. Ukishapakua programu ya SELPHY Photo Layout, intaneti haihitajiki tena. Chagua muunganisho wa moja kwa moja, na printa itatoa jina la waifai na nenosiri kwenye skrini yake. Simu ikijiunga itakuuliza kama ubaki kwenye mtandao usio na intaneti. Kubali. Ukikataa, au ukinyamaza, simu hurudi kwenye data na programu itasema haioni printa. Zima data ya simu kwa muda na tatizo limekwisha. Anayetumia kadi ya SD ajue kwamba printa husoma picha za JPEG kutoka humo. Zile za HEIC za iPhone zibadilishwe kwanza au zipitie kwenye programu.

Picha zilizopitia WhatsApp zinahitaji uangalifu. Karatasi nzima kwa nukta 300 kwa inchi inataka pikseli 1,181 kwa 1,748 hivi. Picha ya WhatsApp ya ubora wa kawaida hushushwa hadi karibu pikseli 1,600 upande mrefu, kwa hiyo ikisafishwa nzima inapendeza, lakini ukikata uso mmoja kutoka kwenye kundi la wajomba ishirini, uso huo utatoka kama umefutwa na kidole. Mwombe aliyepiga akutumie kama hati, ndipo picha hufika na pikseli zake zote. Picha ya skrini isitumike kabisa.

Kisha kuna kukatwa. Simu nyingi hupiga kwa uwiano wa 4 kwa 3, na karatasi inakaribia 3 kwa 2. Ukijaza karatasi nzima, sehemu ya juu na ya chini ya picha iliyolala itaondoka. Kwenye sinia la duara zinaondoka kingo zake, na kwenye picha ya ukoo iliyopigwa kwa kubanana vinaondoka vilemba vya wazee waliosimama nyuma. Ama uache nafasi unapopiga, ama uchague picha yenye ukingo mweupe. Ukingo mweupe kwa picha za familia tunaupenda zaidi, na hauli mtu.

Rangi kwa jumla ni nzuri, hasa za ngozi. Hina hutoka na wekundu wake na piko hubaki nyeusi. Pagumu ni palipo na buibui na kanzu kwenye picha moja, na Lamu picha nyingi za familia ziko hivyo. Utepe hauna rangi nyeusi, weusi hutokana na zile tatu kujumlishwa, na karatasi daima huonekana nyeusi kuliko skrini ya simu iliyowashwa kwa mwangaza wote. Mikunjo na nakshi za buibui huzama. Ukiongeza mwangaza ovyo, kanzu inageuka karatasi tupu na darizi ya shingoni inapotea. Dawa iko kwenye kupiga: watu wakae kivulini, barazani au ndani ya kiwanda, yaani ua wa ndani ya nyumba, baada ya alasiri, na kwenye skrini uguse kanzu kwa kidole ili simu ipime mwanga hapo. Baadaye kwenye simu pandisha vivuli peke yake na uache sehemu nyeupe kama zilivyo. Safisha picha moja ya majaribio kabla ya kuagiza zote.

Kwa chakula, taa ya manjano ya ukumbini ndiyo inayoharibu. Pilau huwa la chungwa, samaki wa kupaka hupoteza ule weupe wa tui, na printa huongeza ukolezi juu yake. Sogeza sahani karibu na dirisha, zima taa ya juu, na piga kabla mvuke haujapanda kwenye lenzi au ngoja utulie. Mkate wa mofa unataka mwanga wa ubavuni uonyeshe vidoa vyake vya kuungua. Ukipigwa kwa flashi huonekana kama kipande cha kadibodi. Picha za safari hazina taabu kubwa. Ukienda magofu ya Takwa kwa mashua, njia ya mikokoni hupitika maji yakijaa, kwa hiyo saa ya kufika inaamuliwa na maji na huenda ikawa jua la utosini. Wapige watu chini ya miti na magofu uyaache kwa mwanga wa kuondoka. Pangusa chumvi kwenye lenzi kila mara, kwa maana ukungu wa chumvi hauonekani kwenye simu lakini kwenye karatasi unaonekana.

Sasa utepe. Kila kipande kilichotumika hubaki na alama ya picha iliyotoka, kinyume chake, mara moja kwa kila rangi. Ukiuvuta nje ya kaseti na kuuelekeza dirishani, utamwona bibi harusi: kope, mapambo ya nywele, mikono ya hina, na sura inatambulika bila shida. Kaseti moja ya picha 54 ni harusi nzima iliyokunjwa, na watu huitupa jaani kama takataka nyingine. Kwa hiyo kaseti iliyokwisha isitoke nyumbani ikiwa nzima. Vuta utepe wote, ukate kwa mkasi vipande vidogo huku umeukunja mara nyingi, na uvichanganye. Usiuchome ndani ya nyumba, moshi wa plastiki una sumu. Ukiazima printa kwa jirani, toa kaseti yako kwanza, na uangalie tundu la kadi. Na kwenye simu iliyopigia, hakikisha picha hazijipandishi zenyewe kwenye akaunti ambayo kaka na binamu nao wanaifungua. Sitara ya chumbani haina maana ikiwa simu imeshazisambaza.

Picha zikitoka zisitiwe kwenye albamu yoyote tu. Zile za mifuko ya PVC, laini na zenye harufu kali ya plastiki, hunyonya rangi ya picha za aina hii na baada ya muda picha hung'ang'ania mfuko. Tafuta zilizoandikwa polipropilini. Usibandike kwa seloteipu na usiziache juani. Ukiandika majina na tarehe ya akika au ya nikahi nyuma yake, tumia kalamu ya wino wa mafuta, uache ukauke kabisa kabla ya kupanga picha juu yake.

Gharama ni rahisi kuipiga hesabu kwa sababu karatasi na utepe huuzwa pamoja na huisha pamoja. Gawanya bei ya pakiti kwa idadi ya picha na hiyo ndiyo bei ya picha moja, iwe nyeusi tupu au nyeupe tupu. Pakiti ya RP-108 ina karatasi 108 na kaseti mbili. Kwa picha chache za kawaida, za shule au za safari, studio huenda ikawa nafuu, na hatuoni sababu ya kununua printa kwa ajili hiyo. Kwa nyumba yenye harusi, arubaini na khitma zinazofuatana, nunueni moja kwa ukoo mzima. Agizeni pakiti kabla ya msimu wa harusi badala ya kungoja wiki ya shughuli, na mkikabidhiwa hesabuni kaseti ndani ya boksi, mkague kama zimefungwa na utepe haujalegea. Uliolegea hukazwa kwa kuzungusha kigurudumu chake taratibu kwa kidole. Uliochanika urudisheni palepale dukani.