Miezi minane na boksi la mabaki ya foili: gundi ipi inafaa, ipi sinunui tena

Chini ya meza yangu ya kutengenezea kadi kulikuwa na boksi la viatu lililojaa foili za kuhamishia rangi inayong'aa kwenye kadi, zilizokwisha kutumika mara moja. Za dhahabu, za fedha, za shaba, za waridi, na moja ya kijani ambayo sikumbuki niliinunulia kazi gani. Kila kipande kilikuwa na tundu lisilo na rangi, lenye umbo la neno, "Hongera" au "Asante", na kuzunguka tundu hilo eneo pana linalong'aa ambalo halijaguswa na kitu. Maelekezo ya bunda yalisema nibandue na kutupa. Moyo ulikataa. Nikaamua kwamba sifungui bunda jipya mpaka boksi lile liishe, na sasa imetimia miezi minane.

Kwanza tuelewane ni foili gani ninayoizungumzia, maana nimeulizwa mara nyingi kama ya jikoni inafaa. Haifai. Ya jikoni ni alumini tupu iliyopigwa ikawa nyembamba. Ukiibandika, inabandikwa yote kama karatasi. Hii yetu ni tabaka kadhaa zilizobebwa na plastiki ya poliesta, mara nyingi yenye unene wa mikroni 12 hivi. Juu ya plastiki kuna utando wa kuiachia rangi itoke, kisha vanishi yenye rangi, kisha alumini iliyogeuzwa mvuke na kutandazwa ndani ya mtambo usio na hewa, na mwisho utando wa kunatia. Maana yake dhahabu tunayoiona ni vanishi ya manjano iliyo mbele ya alumini. Nililiona hilo kwa macho yangu nilipokwaruza kipande kimoja kilichobaki kwa ncha ya sindano, kutokea upande wa nyuma: alumini ikatoka, ikabaki manjano inayopitisha mwanga kama chai ya rangi ndani ya glasi.

Kwa mwenye mabaki, hapo ndipo penye faida. Plastiki haina kazi nyingine ila kubeba. Mahali ambapo gundi haikugusa, tabaka zote ziko kama zilivyotoka kiwandani. Foili haichakai kwa kutumika, inapungua eneo tu. Na inapungua kidogo sana: kadi ya A6 ina milimita 105 kwa 148, yaani milimita za mraba 15,540. Neno "Asante" ninaloliandika kwa urefu wa milimita 60 na kimo cha 20 linakaa kwenye kisanduku cha milimita za mraba 1,200. Hata kisanduku chote kingejaa dhahabu, bado ni chini ya asilimia 8 ya kadi, na herufi hazijazi kisanduku.

Njia niliyoanza nayo, kama wengi, ni ya tona, ule unga wa wino wa printa ya leza. Unachapa neno kwa printa ya leza, unalaza foili juu yake rangi ikitazama juu, unapitisha kwenye mashine ya laminesheni, tona inalainika kwa joto na kuishika foili. Printa ya wino wa maji haifanyi hivyo kwa sababu wino wake unanywewa na karatasi, hauachi kitu cha kuyeyuka. Njia hii ni nzuri kwa foili nzima. Kwa mabaki inachosha. Lazima kipande kifunike neno lote bila tundu kuangukia herufi, na foili ikiwa ndani ya mashine huoni kama imesogea. Nimetoa kadi kadhaa ambazo herufi moja ilibaki nyeusi katikati ya dhahabu. Ikitokea hivyo msitupe kadi: laza kabaki kengine juu ya ile herufi tu, pitisha tena. Tona hulainika upya, na sehemu zilizokwisha kupata foili hazichukui nyingine. Niliwahi kupitisha kadi moja mara tatu na haikuharibika, ila ilijikunja kidogo na nikailaza chini ya vitabu usiku kucha. Wasio na mashine wanaweza kutumia pasi kavu isiyo na mvuke, na karatasi ya kuokea katikati. Nimejaribu, inafanya kazi, lakini joto la pasi halilingani pembe zote na unahitaji mkono usiotetereka.

Baada ya hapo nikageukia gundi, na hapa nimetumia fedha nyingi kujifunza.

Kalamu za gundi ndizo zilizonivunja moyo. Nilinunua za aina mbili. Zilipokuwa mpya ziliandika vizuri, mstari mwembamba, wa buluu kisha unageuka kuwa angavu. Baada ya wiki chache ncha ya moja ilikauka hata kifuniko kikiwa kimefungwa, na nyingine ikaanza kutoa matone. Kwa foili mpya huenda mtu akavumilia. Kwa mabaki, tone lililozidi linakula foili nyingi kuliko herufi yenyewe. Sitazinunua tena.

Gundi nyeupe ya kawaida, ile ya maji, imenishangaza kwa uzuri wake. Siri ni kusubiri. Ikiwa bado nyeupe, ina maji, na foili haishiki. Isubirie iwe angavu kabisa huku ikigusika kama inanata. Kwenye meza yangu hiyo ni kati ya nusu saa na saa nzima, kutegemea unene wa mstari na hali ya hewa ya siku ile. Nilijifunza kwa uchungu. Nilikuwa natengeneza kadi ya kumuaga mwalimu wa binti yangu, nilikuwa na haraka, gundi ilikuwa na kaweupe kidogo katikati ya herufi nene. Nikabonyeza foili. Kingo zilishika, katikati ikateleza, na nilipobandua plastiki ilitoka na gundi na sehemu ya uso wa karatasi. Kadi ile nilianza upya saa nne usiku. Tangu hapo ninaitazama gundi kwa kuinamisha kadi kwenye mwanga. Nikiona weupe popote, nairudisha pembeni. Faida ya gundi hii ni kwamba inakauka ikiwa imeinuka kidogo, kwa hiyo dhahabu inakuwa na mgongo, inashika mwanga kutoka pande nyingi. Kwa maua, nyota na vitone sijapata kitu kizuri kuliko hiki.

Lakini kitu kimoja tu ndicho kilichomaliza boksi langu: karatasi ya gundi ya pande mbili, ile inayouzwa ikiwa na ngozi ya kubandua juu na chini. Ningeipa nyota tano bila kusita. Unabandua upande mmoja, unabandika kwenye manila, unakata umbo unalotaka kwa mkasi au kwa wembe, unabandua upande wa pili, na mbele yako una uso wote unaonata, usiohitaji joto, usiohitaji kusubiri. Laza kabaki, sugua kwa mgongo wa kijiko, bandua. Laza kengine pale palipobaki wazi. Foili inashika gundi tu, haishiki foili nyingine, kwa hiyo kila kipande kinajaza nafasi ambayo chenzake hakikufika. Huhitaji kupima wala kukata. Vipande vya ukubwa wa ukucha, ambavyo kwa tona havina maisha, hapa vinakuwa na kazi. Nimetengeneza jani la dhahabu, shaba na waridi lililochanganyika hivyo, na kila aliyelishika aliuliza karatasi ile nimeinunua wapi. Anza na vipande vikubwa, malizia na vidogo. Mwishoni vikibaki vitone vya gundi visivyoonekana lakini vinavyonata, pitisha poda kidogo kwa brashi laini, vinanyamaza.

Sasa nije kwenye kitu nilichokipenda kuliko vyote. Chukua ile foili yenye tundu la "Hongera". Bandika mstatili wa karatasi ya gundi kwenye kadi, mkubwa kuliko neno. Laza foili yote juu yake kama ilivyokuwa mara ya kwanza, rangi juu, usugue, ubandue. Unapata uwanja wa dhahabu wenye neno "Hongera" lililo tupu, linalosomeka sawasawa bila kugeuka. Na herufi hizo bado zinanata! Laza juu yake rangi nyingine, sugua, bandua: herufi za rangi ya pili ndani ya dhahabu. Kwa foili moja umepata kadi mbili, ya kwanza herufi za dhahabu, ya pili uwanja wa dhahabu. Ile ya kijani isiyokuwa na kazi imeishia humo, kadi kumi na moja.

Angalia pia visiwa vilivyo ndani ya "o" na "a". Kwa karatasi iliyotobolewa visiwa hivyo huanguka, na fundi hulazimika kuacha vijidaraja vya kuvishikilia. Hapa plastiki inavishikilia mahali pake hasa, na vinahamia kwenye kadi bila kusogea hata kidogo. Mara ya kwanza nilipobandua na kukiona kile kiini cha "o" kimekaa katikati, nilimwita mume wangu aje aone. Herufi nene zinatoka safi zaidi. Mwandiko mwembamba wa kuunganisha hutoka na kingo zilizochanika kidogo.

Selotepu ya pande mbili inafanya kazi ileile kwa mipaka na mistari, ila chagueni vizuri. Iko inayotengenezwa kwa karatasi laini yenye nyuzi, na iko ya plastiki angavu. Ya nyuzi inaonyesha nyuzi zake zote chini ya foili, kama ngozi iliyokunjamana. Ya plastiki inatoka kama kioo. Tofauti hiyo haionekani ukiwa umeishika rola mkononi, inaonekana ukishamaliza kadi. Vilevile msipitishe foili kwenye mkunjo wa kadi; ikikunjwa inapasuka na mstari mweupe unajitokeza.

Kwa wenye mihuri na ule unga unaoyeyuka kwa moto na kuinuka: unga ukishayeyuka, subiri sekunde chache upoe kidogo, kisha bonyeza mabaki juu yake ungali laini. Matokeo ni ya mabaka, dhahabu hapa, rangi ya unga pale. Mimi nimeyapenda kwa kadi zenye sura ya kikale. Anayetaka usafi atafute njia nyingine.

Shida moja ya mabaki ni kujua upande. Foili mpya hutoka kwenye rola na upande unaeleweka. Kabaki kaliko boksini kamegeukageuka, na rangi nyingine hung'aa pande zote mbili. Bandika selotepu kidogo kwenye pembe na uivute. Upande unaoacha rangi kwenye selotepu ndio wa kugusana na gundi. Nimepoteza uvumilivu mara nyingi kabla ya kuanza kufanya hivyo, kwa sababu ukikosea upande, plastiki yenyewe ndiyo inayonata kwenye gundi na kuing'oa.

Kuhifadhi pia kumenifundisha. Boksi la viatu lilikuwa kosa, maana foili zilikunjana, na kila mkunjo ni mstari ambao rangi imepasuka. Sasa ninaziweka zimelala kwenye bahasha, rangi moja bahasha moja, na karatasi nyepesi katikati ili zisikwaruzane. Ninaziweka mbali na dirisha lenye jua. Vipande vidogo kuliko stempu vina bahasha yao peke yao, vya rangi zote, na hiyo ndiyo ninayoifungua nikitaka kutengeneza majani.

Plastiki inayobaki baada ya rangi yote kutoka siichanganyi na karatasi taka, maana ni poliesta na si karatasi. Ninaitandika chini ya kazi ya gundi nyeupe. Gundi ikikauka juu yake inabanduka yote kwa mkono, na meza inabaki safi.

Hesabu yangu ya miezi minane: kadi 64 kutoka kwenye boksi lile, na nilichonunua ni bunda mbili za karatasi ya gundi, chupa moja ya gundi nyeupe, rola moja ya selotepu ya plastiki, na zile kalamu. Anayeanza leo, ningemshauri anunue karatasi ya gundi siku ileile anayonunua foili, asisubiri mabaki yajae kwanza. Rangi ya fedha ndiyo iliyoniishia mapema kuliko zote, kwa sababu inakubaliana na kila rangi ukiiweka kwenye herufi tupu. Nikifungua bunda jipya, litakuwa la fedha peke yake.