Uzoefu wangu na riwaya ya Kindred ya Octavia Butler, nimeisomea Ujiji

Nilikiagiza Dar kikaja kwa basi mpaka Kigoma, elfu 35 pamoja na hela ya kifurushi, jalada limekunjika na muuzaji hakujibu meseji, ila kitabu chenyewe aisee.

Dana ni dada mweusi wa Marekani, mwandishi, anaishi California mwaka 1976. Siku anatimiza miaka 26 anashikwa kizunguzungu, kufumbua macho yuko Maryland enzi za utumwa, kuna mtoto wa kizungu anazama mtoni anamuokoa. Kila huyo Rufus akikaribia kufa Dana anavutwa tena, na harudi kwake mpaka roho yake mwenyewe iwe hatarini. Na Rufus ndo mzee wa ukoo wake, yaani akimwacha afe mapema ukoo mzima haupo.

Wengi wanakiweka kwenye hadithi za kisayansi, ila ukitaka mashine na roketi hutazikuta humu, Butler mwenyewe alikuwa anasema hamna sayansi ndani. Kwangu hiyo haikuwa shida. Kilichoniumiza ni kumwona Rufus anakua, maana akiwa mtoto anawaita weusi lile jina la matusi bila hata chuki, ndo alivyosikia nyumbani, Dana akimkataza anashangaa kabisa, halafu baadae ndo anakuwa bwana anayemiliki watumwa. Na Dana nae anaanza kuzoea, anajikuta ile nyumba anaiona kama kwao!!

Hapo nilikiweka chini nikatoka nje. Huku kwetu kuna miembe ya zamani, wazee wanasema ni ya njia ya misafara ya watumwa, Ujiji, Tabora mpaka Bagamoyo. Lakini sikuwaza miembe, niliwaza mimi. Ni Muha, kabila la huku Kigoma mpakani na Burundi, nimesoma Dar, nimeitwa Mrundi miaka yote na nikikasirika naambiwa si utani tu, sasa darasa la tano hapa hapa nyumbani nilimwita mtoto wa jirani "mkimbizi" tukigombania mpira, nae akaacha kuja uwanjani. Sikuwa namchukia. Ndo nilivyosikia wakubwa wanasema.

Kiingereza chake ni chepesi, ila kuna viboko na ubakaji, usimpe mtoto mdogo. Natamani kitafsiriwe maana mama hasomi Kiingereza, namsimulia usiku kidogo kidogo, juzi tulifika pale Alice, dada mweusi anayetoroka na mumewe mtumwa, anapokamatwa na mbwa akasema tuishie hapo kwanza, na mpaka leo hajaniambia tuendelee.