Apatimenti ya kupanga kwa muda Berlin, kitanda unapewa anwani unanyimwa

Nyota nitasema mwishoni, ngoja kwanza nitoe hasira.

Nyumba yenyewe sina neno nayo, safi, hita inawaka, treni ipo karibu, ndo maana nililipa euro mia tisa na ushee kwa mwezi bila kubishana. Ila kama unakuja Ujerumani na visa ya kusoma au ya kazi, achana na picha za kitanda, kabla hujatuma hela uliza kitu kimoja tu: karatasi ya kujiandikisha makazi mtanisainia?

Mi sikuuliza. Nilijua mkataba unatosha, si una jina langu, na risiti za kodi ninazo? Miadi ya ofisi ya wilaya niliiwinda alfajiri kwenye simu karibu wiki nzima, nafika, yule mama wa dirishani kautupia mkataba jicho mara moja akanirudishia. Anataka karatasi ya aliyenipa nyumba, Wohnungsgeberbestätigung, jina refu kama treni ya TAZARA. Bila hiyo hamna Anmeldung, yaani huko kujiandikisha makazi, bila Anmeldung namba ya kodi ya mapato haiji, kazini wanaweza kukukata kodi kwa daraja la 6 ambalo ndo linauma kuliko yote, na kibali cha ukaazi nacho kinakwama hapohapo, wakati sheria inakupa wiki 2 tu tangu uhamie uwe umejiandikisha!

Nikampigia jamaa anayepangisha. Akaanza ati mgeni wa chini ya miezi 3 halazimiki kujiandikisha. Sawa, lakini mkataba wangu ni wa miezi 6. Akanijibu, "Wewe umekodi kitanda, hujakodi anwani."

Hilo neno nimelala nalo mpaka leo. Kwetu ukihamia mtaa unaenda kwa mjumbe, anakukagua juu mpaka chini, anauliza umetokea wapi na unakaa kwa nani, mwenyekiti anagonga muhuri (ya soda utamwachia, haya) na kesho yake una barua. Huku nalipa hela yote hiyo halafu naambiwa sikai ninapokaa.

Kumbe na yeye mpangaji tu! Fomu ina sehemu ya kuandika jina la mwenye nyumba, ndo alichokuwa anakikimbia. Ila sheria yao ya tangu Novemba 2015 inambana hata yeye, akigoma kutoa karatasi anaweza kupigwa faini mpaka euro 1,000. Nikamwandikia kistaarabu kabisa, bwana naomba unisaidie, nikaitaja faini mara moja tu. Jioni ileile karatasi ikaja imesainiwa, na kaemoji ka kutabasamu juu. Nikalainika jamani, nikasema nampa nyota nne, mtu anaogopa kufukuzwa, nani asiyeogopa.

Nyota nne zikadumu kama wiki mbili hivi. Barua ya namba ya kodi ikarudi ilikotoka, maana apatimenti za huku kwa kawaida hazina namba za milango, mleta barua anasoma jina kwenye sanduku, na langu halipo. Kumwomba jamaa aliweke, ati majirani wataanza kuuliza maswali. Nikaandika mwenyewe kwenye plasta nikabandika, asubuhi nikakuta imebanduliwa.

Nyota moja, na hiyo ni ya hita. Juzi nimebandika jina tena, safari hii kwa supagluu.