Simu Inapojibonyeza Yenyewe: Tuanze na Chaja Kabla ya Kioo

Assalamu alaikum watazamaji, karibuni. Bidhaa ninayoichambua leo ni chaja hii nyeupe isiyo na jina la kampuni, niliyoinunua kwa shilingi 200 kwenye kibanda cha Barabara ya Digo hapa Mombasa. Naichambua kwa sababu wengi wenu mnalalamika kwamba simu zinajibonyeza zenyewe: herufi zinajiandika, programu zinajifungua, na ukigusa huku inaitika kule. Mkienda kwa fundi, mara nyingi mnaambiwa kioo kimekufa. Mimi nasema chaja ichunguzwe kwanza.

Tazameni. Katika simu hii ya Android nimeingia kwenye Mipangilio, nikabonyeza nambari ya muundo mara 7 hadi chaguo za wasanidi programu zikafunguka, kisha nikawasha kipengele kinachoonyesha mahali pa kiashiria. Sasa kila mguso unachora mistari. Nikiweka kidole gumba katikati bila kukisogeza, huku simu ikitumia betri peke yake, mistari miwili inakutana chini ya kidole na kutulia. Sasa naichomeka chaja. Mmeona? Kidole hakijasogea, lakini mistari inarukaruka hadi ukingoni, na pale juu simu inahesabu vidole 2, mara 3. Nikiichomoa, inatulia papo hapo. Nikichomeka chaja iliyokuja na simu, kwenye soketi ileile na kwa waya uleule, hakuna kinachoruka.

Chini ya kioo mna wavu wa nyuzi nyembamba zisizoonekana, na kidole kinapokaribia hubadilisha kiasi kidogo mno cha umeme, ambacho kidhibiti hukipima ili kujua ulipogusa. Chaja hafifu haichuji vizuri umeme wa ukutani, kwa hiyo mtetemo wake hupenya hadi kwenye wavu huo, na kidhibiti hushindwa kutofautisha kidole na vurugu. Hukumu yangu ni kwamba chaja hii hainunuliki, hata kwa simu ya akiba, kwani aliyebana matumizi kwenye kichujio huenda amebana pia kwenye kinga ya kukuepusha na shoti.

Iwapo simu inaruka hata bila chaja, ibandueni protekta, hasa iliyoinuka pembeni, kwani jasho na unyevu wa pwani yetu hujikusanya hapo. Izimeni simu, mpanguse kioo kwa kitambaa laini kikavu, kisha mjaribu kwa mikono mikavu. Ikiwa imelowa, iacheni ikauke penye hewa. Mchele tuuachie biriani. Hatua inayofuata ni kuiwasha katika hali salama, ambayo husimamisha programu mlizopakua: ikitulia humo, mhusika ni mojawapo ya programu hizo. Wenye Samsung wanaweza kupiga *#0*#, wakachagua jaribio la mguso na kupitisha kidole kwenye visanduku vyote. Kisichobadilika rangi ndipo penye ubovu.

Tazameni pia ubavu wa simu. Kioo kikiwa kimeinuka, huenda betri imevimba na inakisukuma kutoka ndani. Msikibonyeze kirudi, wala msiichaji tena. Ipelekeni ikabadilishwe betri.

Kuna nyakati ambapo kosa ni la kiwandani. Mnamo Novemba 2018, Apple ilikiri kwamba baadhi ya iPhone X zilikuwa zikijibonyeza bila kuguswa kwa sababu ya kipande kilichomo kwenye skrini, ikazitengeneza bila malipo.

Ikithibitika kwamba kioo chenyewe ndicho kibovu, kibadilisheni, lakini vioo mbadala navyo vinatofautiana sana kwa ubora. Mwambieni fundi akiunganishe kabla ya kukigundisha, achomeke chaja yenu wenyewe, nanyi mburute alama ya programu polepole kutoka pembe hadi pembe. Ikikiponyoka kidole njiani, ombeni kioo kingine kabla ya kulipa.