Tahadhari: niliuziwa GPS ya Garmin, eTrex 20, iliyovalishwa sura ya 32x

Wakuu, habari za wakati huu. Naandika nikiwa nimeshapoa, maana wiki ile ya kwanza ningeporomosha matusi tu na msingejifunza chochote.

Mimi ni dereva wa watalii, niko Arusha, na kila kiangazi napata safari moja au mbili za hifadhi ya Katavi. Wanaoijua Katavi wananielewa: ukishaiacha Sitalike nyuma, simu inabaki ya kupigia picha. GPS yangu ya mkononi niliyoitumia miaka mingi ilipasuka kioo, nikaanza kutafuta nyingine. Nilitaka eTrex 32x na si nyingine, na sababu yake naieleza kwanza kwa kuwa ndipo utapeli ulipojificha.

Garmin, watengenezaji wake, walitoa eTrex 22x na 32x pamoja mwaka 2019. Umbo moja, kioo kimoja, menyu zile zile. 32x imeongezewa vitu viwili: dira ya kielektroniki, na kipimo cha mwinuko kinachosoma mgandamizo wa hewa. Hiyo dira ndiyo niliyokuwa naifuata. Kifaa kisicho na dira kinajua umeelekea wapi pale tu unapokuwa unakwenda. Ukisimama, mshale unabaki unabahatisha. Chenye dira, simama, jigeuze polepole, na mshale unageuka nawe hadi unyooke kwenye pointi yako, yaani mahali ulipopahifadhi ndani ya kifaa. Na njia panda za porini mtu huzisoma akiwa amesimama, siyo akiwa anakimbia. Kwa bei ya walipozitoa, 32x ilikuwa dola 299.99, ndugu yake 199.99.

Tangazo nililiona kwenye kundi la mauzo la Facebook. Picha tatu. Ya kwanza kifaa kimelala kiganjani, na dole gumba la aliyekishika lina kucha nyeusi, kama ya mtu aliyejigonga nyundo. Maelezo: "eTrex 32x, imetumika kidogo, imetoka Ujerumani, 420,000, maongezi yapo."

Nikampigia. Mstaarabu kweli kweli, "mkubwa" huku, "mkubwa" kule. Akasema ramani ya Tanzania nzima ataniwekea kwa 60,000. Nikakubali, kumbe ramani aliyoniwekea ni ile ya OpenStreetMap, ambayo mtu yeyote anaipakua bure na kuiweka kwenye Garmin yake. Halafu akaleta la pili: 35,000 za "usajili wa satelaiti" kwa mwaka.

Hapo ndipo nilipotakiwa kukata simu. Mawimbi ya GPS hayalipiwi. Satelaiti zinatangaza, kifaa kinasikiliza, basi, hakuna anayejua kwamba wewe unasikiliza. Kinachochanganya watu ni vile vifaa vinavyotuma ujumbe kwa satelaiti, kama inReach, ambavyo kweli vina malipo ya mwezi. Unalipia kutuma ujumbe. Kujua ulipo hakuna bili. Nikamwambia hiyo sitoi, naye akaiondoa haraka mno, bila hata kubisha. Mwenye kuuza kitu halali hubisha kidogo, jamani.

Akanitupia na lingine la kunikaza: "Mkubwa, usitegemee simu, simu bila mnara haina GPS." Si kweli. Simu ina kipokezi chake cha satelaiti. Bila mtandao inachelewa tu kupata mahali ilipo kwa mara ya kwanza, na inahitaji uwe umepakua ramani mapema. Tena nasema wazi, kama safari yako ni ya siku mbili na gari lina chaji, simu yenye ramani ndani inakutosha, usihangaike kununua kifaa. Mimi nakitaka kwa ajili ya betri za AA ninazobadilisha hata gizani, na kwa sababu kikidondoka kwenye tope nakisuuza na safari inaendelea.

Nilituma nusu, mzigo ukapakiwa basi la Dar, akanitumia picha ya risiti, nikamalizia. Boksi lilifika, kikawaka, kikakamata satelaiti uani kwangu, nikaridhika. Hilo ndilo linaloniuma hadi leo. Kifaa kilikuwa kizima! Kilichokuwa cha uongo ni jina lake.

Katavi sasa. Tumepita Ikuu, tunaelekea tambarare ya Chada, jua limeinama. Nina wageni wawili nyuma, mmoja anapigana na mbung'o kwa kofia. Tukafika mahali njia inagawanyika mara tatu kwenye miombo, zote zimelingana kwa matairi. Nikashuka, nikashika GPS, pointi ya kambi imo ndani, nikageuka kushoto. Mshale umetulia. Nikageuka kulia. Mshale umetulia vile vile, unanionyesha upande wowote nitakaogeukia. Nikaingia menyu kutafuta sehemu ya kurekebisha dira, haipo. Nikaona aibu kurudi kwenye gari na uso ule. Nikachagua njia ya kati, tukaenda kilomita 11 tukaishia ukingo wa mto mkavu wenye viboko wamesongamana kwenye dimbwi la tope. Wageni walifurahi sana, wakapiga picha. Mimi nilikuwa napiga hesabu ya mafuta.

Niliporudi nikakichomeka kwenye kompyuta ya jirani. Na hapa nawaomba mshike kitu kimoja hata kama mengine mtayasahau. Garmin ya namna hii ukiiunganisha na kompyuta inafunguka kama flashi. Ndani kuna folda iitwayo Garmin, na ndani yake faili liitwalo GarminDevice.xml. Lifungue na programu yoyote ya maandishi. Humo kifaa kinajitaja jina chenyewe. Changu kilijitaja eTrex 20.

eTrex 20 ni ya mwaka 2011. Memori yake ya ndani ni GB 1.7, wakati 32x ina GB 8, na kwenye kompyuta ile ilisomeka moja na ushee. Kioo cha 20 kina nukta 176 kwa 220, cha 32x ni 240 kwa 320, ndiyo maana herufi zangu zilikuwa na meno meno ambayo nilidhani ni macho yangu kuzeeka. Kisha nikalikwaruza lile jina la usoni. Kucha ikaingia chini yake. Ilikuwa stika, imekatwa vizuri, imebandikwa juu ya jina la zamani. Nikatoa betri: mahali pa namba ya kifaa pamekwanguliwa, imebaki gundi tu inayonata.

Kwa hiyo mtu akikuuzia, mwambie akupigie picha ya ukurasa wa "About" kwenye mipangilio, na picha ya namba iliyo chini ya betri, zote siku ile ile, pamoja na boksi kama analo. Kama mnaonana uso kwa uso, nenda na kompyuta, au hata waya tu kwa rafiki mwenye kompyuta karibu. Akisema "hilo faili halina maana", ondoka.

Kuna mwenzangu wa hapa Arusha yeye walimpiga kwa staili nyingine. Alionyeshwa GPS ndani ya duka, chini ya bati, satelaiti zimejaa kioo kizima, akalipa. Nje, kifaa kikakaa kimya saa nzima. Kule dukani kilikuwa kimewekwa kwenye hali ya maonyesho, ambayo Garmin wameiweka humo ndani makusudi kwa ajili ya kujifunzia: kinajitengenezea satelaiti za kuigiza. Sharti lako liwe nje, uwazi, juu mbingu tupu, na ubaki hapo. Kifaa kilichosafirishwa kutoka mbali kinaweza kuchukua dakika kadhaa kabla ya kujua kiko wapi, kwa hiyo muuzaji akianza kukuharakisha, mwache aharakishe peke yake. Kikishapata, tembea mita hamsini, rudi ulipoanzia, ona kama kinakurudisha karibu.

Na kuna mafundi wa "kukalibreti", yaani kurekebisha vipimo vya kifaa. Mtu anachukua pointi kutoka ramani ya karatasi, zile za 1:50,000, anaiingiza kwenye GPS, inampeleka takribani mita 300 pembeni. Anaambiwa kifaa kibovu, anatozwa elfu thelathini. Kifaa hakina ubovu. Ramani zetu zile zimechorwa kwa Arc 1960, GPS inatoka kiwandani ikiwa WGS 84: ni misingi miwili tofauti ya kupimia mahali, na namba zile zile zinaangukia sehemu mbili tofauti. Unaingia kwenye mipangilio ya pointi, unachagua Arc 1960, kazi imekwisha kabla chai haijapoa. Ukimaliza na ramani hiyo urudishe WGS 84, maana pointi za Google na za wenzako zote ni za huko.

Jina la huyu muuzaji sitaliweka hapa. Nimeshafungua jalada polisi, nina RB, na askari ameniambia nisiharibu kwa kumtangaza kabla hajapatikana. Nilipompigia mara ya kwanza kumlalamikia alisema atanirudishia, nimpe siku tatu. Siku ya nne akaniandikia kwamba pesa ipo tayari ila nitangulize ya kutolea. Nikajibu "ile hela itume kwenye namba hii", akanizuia. Namba zake mbili hazipatikani tena, na ukurasa wa Facebook umefutwa.

Juzi dereva mmoja wa Moshi, anayejua mkasa wangu, kanitumia tangazo jipya lenye jina jingine la muuzaji. "eTrex 32x, kutoka Uholanzi, maongezi yapo." Nimeikuza ile picha hadi mwisho. Kiganja ni kile kile, na kucha ya dole gumba bado nyeusi. Bei sasa ni 380,000.