Kokoto za graniti Dodoma: za mashine, za mkono na zile za kukataa

Kwa zege la nguzo, lenta na slabu, chukua kokoto za mashine za robo tatu inchi. Hilo halina ubishi. Graniti ya Dodoma ni uji wa moto uliopoa polepole mno chini ya ardhi, zaidi ya miaka bilioni 2 iliyopita, hadi chembe zake zikakua na kubanana bila kuacha matundu. Ndiyo maana jiwe zima halinywi maji kirahisi.

Shida ni kwamba si kila jiwe la kilimani bado ni zima. Mvua ikipenya kwenye nyufa, feldispa, zile chembe nyeupe au za pinki, hugeuka udongo wa mfinyanzi. Kwatzi inayong'aa kama kioo haiozi. Inaachiliwa, inasombwa, na ndiyo mchanga tunaochota makorongoni. Mchanga na kokoto za zege moja ni ndugu, ila mmoja ametangulia safari. Mchanga huo ukifukiwa na kugandamizwa utakuwa jiwe tena, na joto la chini likizidi, litayeyuka upya. Kokoto iliyokatwa kwenye jiwe lililo katikati ya kuoza huko haifai. Ina rangi ya kahawia hadi ndani, na ukiibana kwa vidole inatoa unga. Gonganisha mbili: nzima hulia kwa mlio mkali, mbovu hutoa sauti butu.

Kokoto za mkono, zilizopondwa kwa nyundo, zinafaa kwa jamvi, yaani zege la sakafu ya chini, lakini uliza jiwe lilivunjwaje. Linalochomwa kwa magogo au matairi kisha kumwagiwa maji hupasuka kirahisi kwa sababu kwatzi hutanuka ghafla joto likifika nyuzi 573 za Selsiasi. Nyufa hizo hazikomi kwenye bonge. Zinabaki ndani ya kila kokoto, hata usipoziona. Ukikuta masizi, au uso uliogeuka mwekundu, rudisha tripu. Kwa nguzo ni hatari.

Kasoro ya kokoto za mashine ni vumbi. Linaganda juu ya jiwe, saruji inashika vumbi badala ya kokoto. Tena, machimbo yanayopasua naisi, lile jiwe lenye mistari, hutoa vipande bapa kama vigae. Vinalaliana, zege linabaki na mapengo chini yake. Vikiwa vingi kwenye lundo, kataa.

Kwa uwiano wa 1:2:4, yaani saruji, mchanga na kokoto, mfuko wa saruji wa kilo 50 ni kama lita 35, kwa hiyo unataka mchanga debe 3 na nusu na kokoto debe 7, debe la lita 20. Nondo zikibanana, tumia kokoto za nusu inchi. Na kabla ya kuchanganya, mwagia lundo maji hadi yanayochuruzika chini yawe safi, kisha acha uso ukauke. Kokoto inayochuruzika inazidisha maji kwenye zege.