Juno-106 ya baharia: uzoefu wangu wa kununua kinanda cha mwaka 1984 hapa Tanga

Kwa anayefikiria kununua kinanda cha zamani cha analogi (kinachotengeneza sauti kwa saketi za umeme), nianze na jambo linalowakera wengi wakishakifikisha nyumbani: Roland Juno-106 haina midundo. Haina rumba, haina chakacha, haina piano ya kweli, hata spika haina. Kama umezoea vinanda vya harusini, vile ambavyo ukibonyeza kitufe kimoja bendi nzima inaanza, hiki utadhani kimeharibika. Ni sauti sita (yaani noti sita kwa wakati mmoja), slaida nyingi (vitelezi vya kusukuma kwa kidole), na akili yako.

Mimi nilikitaka kwa kurekodi tu. Studio yangu ni chumba kimoja Makorora, wateja wangu ni watu wa taarab na nyimbo za harusi, na siku zote nimekuwa nikitumia programu za kompyuta zinazoiga vinanda hivi. Zinaiga vizuri, sisemi uongo. Kwa hiyo sikuwa na shaka na uzuri wa sauti. Shaka yangu ilikuwa hii: kitu cha mwaka 1984, kilichokaa miaka yote hiyo kinapigwa na upepo wa bahari, bado ni kinanda au kimeshakuwa pambo la sebuleni?

Mwenye nacho ni mzee mmoja wa Ngamiani, baharia mstaafu, aliyekinunua Japani enzi za safari zake. Kusikia Japani tu, nikakataa kiwashwe. Umeme wa majumbani kule ni volti 100, wetu 230. Kinanda cha soko la Japani ukikichomeka ukutani hapa, umekiua. Mzee akasema ana tranfoma yake, na kweli akaitoa chini ya kitanda, imeandikwa 220 kwa 110. Hizo ndizo zilizojaa madukani, na watu wanazitumia bila wasiwasi. Lakini piga hesabu: ukiilisha 230 inatoa 115, maana yake kinanda kilichoundwa kwa volti 100 kinapokea asilimia 15 zaidi, na ziada yote hiyo inageuka joto ndani ya mashine yenye umri wa mtu mzima. Nikamwomba aniruhusu nirudi na fundi redio na tranfoma ya 100 kamili.

"Wewe mwanangu umekuja kununua kinanda au kukagua meli?"

"Vyote viwili, mzee wangu."

Tuliporudi tukakiwasha, na hapa ndipo anayenunua anatakiwa kutulia. Watu wengi hupiga wimbo wanaoupenda, wakasikia utamu, wakatoa pesa. Usipige wimbo. Bonyeza kitufe cha Poly 1, chagua sauti iliyo wazi isiyo na mapambo, kisha piga noti ile ile moja, taratibu, mara sita. Kila ukipiga, mashine inahamia kwenye sauti nyingine kati ya zile sita, na zote zinatakiwa zifanane. Ukitaka kujua mgonjwa ni nani hasa, zima, shikilia kitufe cha Key Transpose, kisha washa huku umekishikilia. Kile kioo kidogo kitakuwa kinaonyesha namba ya sauti inayolia.

Namba nne ikatoka kama mtu anayekanyaga changarawe, halafu ikanyamaza kabisa.

Fundi hakushangaa. Huu ndio ugonjwa maarufu wa Juno-106 duniani kote. Kila sauti ina chipu yake, 80017A, inayobeba filta (kichujio cha sauti) na kidhibiti cha ukubwa wa sauti. Roland walizifunika chipu hizo kwa utomvu mgumu wa kikemikali, na utomvu ule ukizeeka unaanza kupitisha umeme mahali usipotakiwa kupita. Matokeo yake ni mikwaruzo, sauti iliyofifia, au noti inayoendelea kulia wakati vidole umeshaviondoa. Tiba ni mbili. Ya kwanza ni kuichomoa chipu na kuiloweka kwenye asetoni, kiyeyushi kikali, mpaka utomvu ubanduke. Kuna zinazofufuka, kuna zisizofufuka. Ya pili ni kuagiza mbadala kutoka nje, maana Roland wenyewe hawatengenezi tena. Na usisahau kwamba ikifa moja, zile tano zilizobaki zina umri ule ule.

Nikamweleza mzee yote hayo. Akanisikiliza hadi mwisho, kisha akauliza, "Sauti tano hazikutoshi? Kwani mkono una vidole vingapi?"

Nilicheka, na hadi leo naona ni hoja nzuri kuliko nyingi nilizowahi kusikia kwa wauzaji. Tatizo ni kwamba kinanda hakijui kama kinaumwa. Zamu ya namba nne ikifika, kitaipa noti yake kama kawaida, nayo itapotea. Ukipiga kodi moja baada ya nyingine, shimo linahamahama: mara juu, mara katikati, mara besi. Kwa kurekodi hilo ni mateso.

Bei aliyotaja mwanzo ilikuwa milioni tatu na nusu, kwa sababu mjukuu wake ameona vinauzwaje Ulaya. Sikumlaumu. Ila vingi vya Ulaya huwa vimeshafanyiwa matengenezo, na mnunuzi hasumbuki na volti. Tulihesabu pamoja chipu, usafirishaji, tranfoma na kazi ya fundi, mbele yake, kwenye karatasi. Tukaishia milioni mbili na laki moja, na ile tranfoma yake akaniachia bure (nimeiweka, siitumii).

Mengine yalikuwa madogo. Slaida zilikwaruza kwa vumbi na chumvi. Dawa ya kusafishia kontakti ilizimaliza nyingi. Vitufe viwili vya kinanda vilikuwa bubu hadi fundi alipofungua na kufuta mipira myeusi iliyo chini yake. Betri ya ndani ya volti 3, inayotunza kumbukumbu, ilishakufa, kwa hiyo sauti zote 128 zilizohifadhiwa ndani (mitindo ya mlio, si zile sita) zilikuwa zimefutika. Hilo halikunitisha: enzi zile walihifadhi kwa kaseti, na tundu la kaseti bado lipo nyuma. Sauti za kiwandani nilizirudisha kwa kuchomeka simu mahali pa kaseti na kucheza faili lenye mlio wa kukera kuliko yote niliyowahi kucheza studio. Kwa ushauri wa fundi nakifunika kwa kanga, si kwa nailoni. Nailoni kwa joto letu inatoa jasho.

Sasa, kinapigaje? Koras yake (athari inayofanya sauti isikike kama ya vyombo vingi kwa pamoja), ile namba moja hasa, inapanua sauti kiasi kwamba mlio wa kawaida tu wa nyuzi unajaza chumba. Programu yangu inaifikia kwa karibu sana, na asiyezoea hatatofautisha. Tofauti naiona mikononi: kila slaida ina kazi moja, iko mbele yako, na nafika kwenye sauti ninayoitaka kabla mwimbaji hajamaliza chai. Tyuni yake haihami hata chumba kikichemka, kwa kuwa osileta zake, sehemu zinazozalisha mlio, zinaongozwa kidijitali. Vinanda vingi vya analogi vya kabla yake huchezacheza kwa joto. Na kwa taarab kuna kitu kidogo nilichokipenda: kirungu cha kupindisha noti kina slaida yake ya kupunguza nguvu. Naiweka chini, nikikisukuma chote noti inapanda nusu tu ya umbali wa kufikia noti jirani, nami naweza kumfuata mwimbaji anayekaa katikati ya noti mbili.

Ubaya: hakisikii nguvu ya kidole. Gusa au gonga, ni mamoja. Aliyekulia kwenye piano atachukia.

Kama unapiga majukwaani, mimi singekushauri kukinunua; ni kizito, na sitaki kufikiria kitafikaje Pangani nyuma ya Noah. Kuna JU-06 ndogo ya mwaka 2015 kutoka Roland wenyewe, sauti nne, inaingia kwenye begi. Kama huna fundi anayekubali kufungua mashine ya zamani bila kukurupuka, vilevile achana nacho.

Chipu mbadala nimeagiza, haijafika. Kwa sasa nakitumia zaidi kwa besi. Ukibonyeza Poly 1 na Poly 2 kwa pamoja, sauti zote sita zinalia kwenye noti moja, na ikikosekana moja hakuna anayejua. Wateja wameshaanza kuulizia besi ile, nami nawatoza bei ya kawaida.